Mguu Ulikuwa Umekunjwa

Mwanangu Akoth,

Umeenda kwa Dani, nyanya yako, kuaga, na kwa Dani hakuagwi upesi. Atakukamatia kuku, atakuombea, kisha ataanza tena kukuuliza unakwenda shule gani kana kwamba hujamwambia mara tano. Kwa hiyo nina mchana wote. Mama yako yuko chumbani na sanduku lako, ameshapanga sabuni, blanketi na soksi, na ameniambia nisiguse kitu humo ndani. Mambo ya kufua, ya kutoazimisha vitu, ya kuweka fomu mahali pakavu, hayo atakwambia yeye, na atayarudia mpaka gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki tatu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulelea. Mama yako Mkuria, mimi Mjaluo, na tulipokutana pale Migori kila mmoja alikuwa mkaidi, hakuna aliyetaka kuanza kujifunza lugha ya mwenzake. Tena kwa Kijaluo ningekudanganya vizuri zaidi. Kwa Kiswahili huwa najikwaa, na leo ni afadhali nijikwae.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho unakwenda kusoma sanaa, na wewe ulitaka kuwa daktari wa mifugo. Umekuwa ukidhani ni matokeo yako yaliyokupeleka huko. Ni mimi niliyekupeleka.

Wacha nieleze kwa mpangilio, maana unanijua kwa kurukaruka.

Ninyi mlikuwa kundi la kwanza la mfumo huu mpya wa elimu, na kila kitu kiliwaangukia ninyi kwanza. Mwaka jana wote, shule za upili zilikaa bila mtoto mgeni, zikiwangoja mmalize Gredi ya Tisa. Na sisi wazazi tulikuwa tunashinda kwenye redio na simu. Mara tunasikia hesabu ni hiari, mara ni lazima, mara kuna hesabu za aina mbili. Mara tunaambiwa shule ziko za ngazi nne, nikaja nyumbani nikakueleza, kumbe nimezipanga juu chini. Tuliitwa mkutano shuleni, mwalimu mkuu akatuchorea mikondo mitatu ubaoni, sayansi, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo, akatuomba tuulize maswali. Hakuna aliyeelewa kiasi cha kuuliza. Nilimtazama na yeye nikaona anaomba Mungu tusiulize.

Wewe hukuwa na shida. Siku ya kuchagua uliandika sayansi kabla mwenzako hajatoa kofia ya kalamu. Nilijua kwa nini. Ilikuwa ni kwa sababu ya mbuzi wa Dani.

Sijui kama unakumbuka yote, maana ulikuwa na kazi. Mimi nakumbuka, maana nilikuwa nimesimama bure. Yule mbuzi mweusi alikuwa amelala nyuma ya ghala tangu asubuhi, anasukuma, na hakuna kitu kinachotoka isipokuwa pua na kwato moja. Viungo vya mikono ya Dani vilikuwa vimevimba, hawezi. Akakutazama mkono wako, akakwambia unawe. Mimi niligeuza uso upande wa mbuga, nikajifanya natafuta ng'ombe ambao hatuna. Nilisikia Dani akisema, "Mos, mos," taratibu, na wewe ukisema, "Dani, mguu mwingine umebaki nyuma. Umekunjwa." Akakwambia umrudishe kidogo ndani, uutafute, uulete mbele. Ukautafuta. Nilipogeuka, kamwana kalikuwa chini, kamelowa, kanapiga chafya, na wewe ulikuwa na damu hadi kwenye kiwiko na unacheka. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kuanzia siku ile watu wa hapa kwetu Magunga walianza kukuita wakiwa na mbuzi au kondoo mgonjwa, na mimi nilianza kuitwa baba wa daktari.

Sasa nije kwenye mkono wangu.

Unajua kazi yangu. Miaka ishirini naandika mabango, kinyozi huku, duka la dawa kule, majina ya mashua kule Karungu. Kazi hii ina ugonjwa wake. Kabla hujaandika herufi unavuta uzi wenye chaki ukutani, unaupiga, unapata mstari. Ukishafanya hivyo miaka mingi, jicho linakuwa na uzi wake. Siwezi kukaa hotelini kama kalenda imeinama. Nimewahi kumwacha padri na mahubiri yake nikawa napima msalaba.

Na mfumo huu ulikuja na kazi za mikono. Mara kikapu, mara kikaragosi, mara sanamu ya kufukuza ndege shambani. Mwalimu alisema mzazi asaidie. Sijui ni nani aliyetudanganya kwamba kusaidia ni kufanya. Kwenye lile kundi letu la wazazi kwenye simu, saa mbili za usiku ungekuta watu wazima wanaulizana gundi inapatikana wapi, na watoto wao wamelala. Kikapu chako cha Gredi ya Saba nilikisuka mimi nusu. Kikaragosi cha Gredi ya Nane, wewe ulikishonea kifungo kimoja. Nilikuwa najiambia, huyu ana mambo ya maana ya kusoma, acha nimpunguzie. Kusema kweli nilikuwa nafurahia. Siku hizi bango la kuchapishwa unaletewa kutoka Homa Bay kesho yake, lina picha ya simu na ya kuku, na mimi niko na brashi mkononi naonekana kama mtu wa zamani. Kazi zako zilinirudisha kuwa fundi.

Kisha ikaja ile kazi ya Gredi ya Tisa, ile yenye alama, mchoro wa rangi wa tukio uliloshuhudia. Ulichora kwa siku nne. Ulinikataza nisitazame, na nikatii, siku nne. Siku ya tano ukaenda kisimani, na ubao wa mchoro wako ulikuwa umeegemea ukuta.

Alikuwa mbuzi wa Dani, amelala, na kamwana kanatoka. Nitasema ukweli, ulikuwa mchoro mbaya kwa macho yangu. Mgongo ulipinda, kichwa kikubwa, na kile kiguu cha kamwana kilikuwa kimoja tu. Kingine ulikuwa umekichora ndani ya tumbo, kwa rangi hafifu, kama mtu anayeona kupita ngozi, na ulikuwa umekikunja kuelekea nyuma. Nikasema moyoni, maskini, hajui kuchora miguu. Nikachukua brashi, nikasema ninyooshe huo mguu tu. Nikaunyoosha. Halafu mgongo ukaonekana vibaya kando ya mguu uliosimama vizuri. Nikarekebisha mgongo. Ulipoingia na ndoo, nilikuwa naweka mwanga kwenye jicho la mbuzi.

Uliweka ndoo chini. Hukupiga kelele. Ulisema, "Baba, mguu ulikuwa umekunjwa. Ndiyo maana nilitia mkono."

Nikakujibu, na hili jibu linaniuma kuliko brashi, "Sasa mwenye kutoa alama atajuaje hayo? Ataona mguu umepotoka tu."

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka. Ubao mwingine haukuwepo. Uliubeba ukaenda nao. Baadaye mwalimu wako aliniambia sokoni, kwa furaha, kwamba alikuuliza, "Akoth, hii ni wewe umefanya?" na ukamjibu, "Ndio, mwalimu." Mtoto wangu ambaye hajui kusema uongo hata kwa polisi wa barabarani, nilimfundisha siku ile.

Na lililo baya ni kwamba nilikuwa nimeshaonywa. Kabla hujazaliwa, kuna mtu mwenye hoteli pale Karungu alifiwa na mkewe. Akaniletea picha yake, ndogo ya kitambulisho, akataka nimchore ukutani nyuma ya meza ya chai, kwa sababu hoteli ilikuwa ya mama yule. Mama alikuwa na makengeza, jicho la kushoto likitazama kando. Nilikaa pale siku mbili nikafanya kazi nzuri sana, na jicho nikalirudisha mahali pake. Nilidhani namfanyia hisani. Mzee akaja, akatazama, akasema polepole, "Huyu ni mrembo. Lakini si Min Otieno, mke wangu." Akaomba nipake chokaa. Nikapaka, nikarudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia mama yako watu wa Karungu hawajui kazi. Ilinichukua miaka kumi na sita, na mguu wa mbuzi, kuelewa alichoniambia yule mzee.

Matokeo yalipotoka, tuliyasoma pamoja kwenye simu ya mama yako. Sanaa, umezidi matarajio. Sayansi, umefikia matarajio. Na chini yake wakapima ni mkondo upi unaokufaa, sanaa ikawa juu. Mimi, mpumbavu, nilifurahi. Nilitoka nje nikamwambia fundi baiskeli, nikamwambia mama wa samaki. Nilisema imetoka kwa baba yake. Kumbe nilikuwa nasema ukweli mtupu, mbele ya watu, bila mwenyewe kujua.

Halafu ukapangiwa shule, na mkondo wa sanaa, kule mwisho wa Migori karibu na kwao mama yako. Jioni ile ulikuwa unaosha sufuria. Hukunitazama. Ulisema tu, "Labda mimi si mtu wa sayansi, Baba. Labda nilikuwa najidanganya na mbuzi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilisimama mlangoni maneno yote yakiwa mdomoni. Nikakwambia, "Sanaa pia ni nzuri." Kisha nikaenda kulala mapema, mimi ambaye huwa silali. Nimekuwa mwoga mara nyingi maishani, Akoth, lakini huwa nina kisingizio. Siku ile sikuwa nacho.

Tuliomba kubadilishiwa, unajua. Jibu likaja kwamba nafasi zimejaa. Usichojua ni kwamba Jumanne ile niliyosema nakwenda Homa Bay kutafuta rangi, sikwenda kutafuta rangi. Nilikwenda ofisi ya elimu. Nilikaa kwenye benchi na wazazi wengine tangu asubuhi, kila mmoja na bahasha yake. Kulikuwa na mama ambaye mwanawe hasikii vizuri na amepangiwa muziki. Tulicheka, na yeye akacheka, kisha akafuta macho kwa leso.

Afisa niliyemkuta alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaniambia, "Mzee, hii si mimi. Ni system imepanga. Mimi hapa naona tu vile wewe unaona." Nikamwambia system ilipewa kitu kisicho cha mtoto. Nikamweleza mbuzi wote, mguu na mgongo na jicho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akafunga mlango, akakaa, akasema, "Sasa nisikize kama kijana wako. Ukiandika hiyo kitu kwa karatasi, hiyo inaitwa udanganyifu. Hawatamtoa sanaa wampeleke sayansi. Watashikilia matokeo yake yote. Na hata shule yake inaweza kuulizwa, na mwalimu. Unataka hivyo?"

Nikasema sitaki.

"Basi mimi sijasikia kitu," akasema. "Enda na mtoto afike shule kwanza. Wanasema huenda kukawa na nafasi ya kubadilisha akiwa huko ndani. Wengine wanasema hakuna. Tunangoja barua."

Nikatoka. Nilisimama kwenye ngazi za ile ofisi na sikujua nielekee wapi. Mwanangu, nimekosa chakula, nimefukuzwa nyumba ya kupanga, nimezika ndugu, na kila mara kulikuwa na kitu cha kufanya, hata kama ni kuchimba. Siku ile hakukuwa na kitu. Nikisema, naua matokeo yako. Nikinyamaza, unakwenda kuishi kwenye alama zangu. Nilijaribu kutafuta njia ya katikati mpaka gari la kwanza la kurudi likaniacha.

Nilimwambia mama yako usiku uleule. Unamjua mama yako, hapendi maneno mengi. Alipepeta mchele mpaka mwisho, ndipo akasema, "Umemaliza kazi zake zote. Yako hujamaliza." Hajaniambia tena. Kila asubuhi ananiwekea chai na kunitazama.

Basi namaliza yangu.

Sayansi yako uliifikia mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwekea mkono hapo, mimi sijui hata chumvi imetengenezwa na nini. Uliisoma kwa mwalimu mmoja anayefundisha masomo manne, na maabara ambayo ni meza na ndoo, na ukafikia. Ile alama iliyokuaibisha ndiyo yako. Ile tuliyoshangilia ni ya fundi wa mabango wa miaka arobaini na saba. Nakuomba usizibadilishe nafasi alama hizi mbili kichwani mwako, hata mtu mwenye kompyuta akikwambia vingine. Wewe si mtu aliyejidanganya na mbuzi. Yule kamwana amezaa mara tatu sasa.

Na ule mchoro wako wa kwanza, ule wa siku nne. Nimeufikiria sana. Mtu anayechora mguu ndani ya tumbo, mahali ulipo lakini hauonekani, sijui kama hiyo ni sanaa au ni udaktari. Huenda ungepewa alama kubwa wewe mwenyewe, kwa haki. Huenda ungepewa ndogo ukapelekwa sayansi. Hatutajua kamwe, kwa sababu nilipaka rangi juu. Hilo ndilo nililokunyang'anya, na sina namna ya kulirudisha. Rangi ya mafuta ikishakauka haichubuki ikaacha ya chini.

Kuna wakati nilitaka kukushauri. Niliandika karatasi nzima ya ushauri juzi, nikaisoma, nikaona ni mtu yuleyule na brashi yake. Nikaichana. Sijui ufanye nini. Ukienda, huenda ukabadilishiwa huko, huenda usibadilishiwe, na miaka mitatu ni mingi. Usipokwenda, nafasi itapewa mwingine, na hatuna shule nyingine mkononi. Ukitaka nikaseme ukweli kwa maandishi, nitakwenda kusema, na yatakayotokea yatatuangukia wote, wewe zaidi. Nimezigeuza hizi njia tatu mpaka zinafanana. Mimi ni baba yako na sijui, na ninaona aibu kukuandikia neno hilo siku moja kabla hujatoka nyumbani.

Tena ngoja nikuungamie na la mwisho, kwa sababu limetokea sasa hivi, hapa mezani. Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi. Ungeikuta wiki ijayo, umeshasajiliwa, umeshapewa kitanda, umeshapata rafiki. Nilijiambia ni kwa ajili ya kukupa utulivu. Mama yako amepita akaniuliza, "Utampa lini?" Nikamwambia nitaiweka sandukuni. Alisimama tu na soksi mkononi. Na nikaona mwenyewe nilichokuwa nafanya. Ningekuwa nimekuamulia tena, nikakuachia kusoma tu yaliyokwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo haitaingia sandukuni. Nitakupa mkononi leo jioni, ukirudi, kabla ya chakula. Utakasirika, na una haki, na sitajitetea. Chakula unaweza kukikataa. Kesho gari linapita hapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na utakuwa na usiku mzima wa kufikiria, ambao ni mfupi kuliko ulivyostahili, kwa sababu nilikula wiki zako tatu kwa woga. Utapanda au hutapanda. Sanduku litakuwa mlangoni, na mimi nitakuwa kando yake. Ukiniambia nilibebe hadi barabarani, nitalibeba. Ukiniambia nilirudishe ndani, nitalirudisha. Nisipoambiwa, sitalishika.

Nasikia Dani anakusindikiza. Anaongea kwa sauti, bado anakuuliza ni shule gani. Sijapata kuogopa mtoto maishani mwangu kama sasa.

Baba yako.